Sisi si raia. Tunaweza kwenda Augusta, makao makuu ya jimbo la Maine, kudai haki ya nyumba?

"Ninaishi Lewiston, Maine, mwaka wa tano sasa. Nilitoka Uvira, Kongo. Tuko kina mama kama arobaini tunaosali pamoja, na shida yetu kubwa ni nyumba. Nikipiga simu kwa Kiingereza changu hiki naambiwa nyumba imeshachukuliwa. Mwanangu aliyesoma hapa akipiga dakika kumi baadaye anaambiwa njoo uione. Wenzangu wenye vocha ya serikali ya kusaidia kodi ya nyumba, wakiitaja tu, simu inakatwa. Tumekusanya majina mia mbili kwenye WhatsApp ili tumpelekee gavana. Mume wangu anasema niachane nayo: kesi yetu ya hifadhi haijaisha, asiye raia hana sauti, na mambo haya yanaamuliwa Washington. Isitoshe, mwezi uliopita nje ya duka kijana mmoja aliniomba saini ya kutetea haki za watu, nikatia. Je, nimeharibu? Na tukitaka kweli sheria ya jimbo itulinde, tuanzie wapi?"

Dada yangu, nianze na ile saini, maana nahisi ndiyo inayokunyima usingizi.

Hapa Maine neno "saini" linabeba mambo mawili, na watu wanaosimama nje ya maduka mara nyingi hawana muda wa kuyatofautisha. Kuna barua au ombi la kawaida, mnaloandika wenyewe kumwomba gavana au mbunge afanye jambo fulani. Hilo anaweza kulisaini mtu yeyote, raia na asiye raia, hata mtoto. Halafu kuna fomu rasmi ya kupeleka jambo kwenye kura ya wananchi wote wa jimbo. Hiyo ni kwa wapiga kura walioandikishwa peke yao, na saini zake hulinganishwa na daftari la wapiga kura mjini kwako. Jina lisilomo kwenye daftari linakatwa. Kama ulichosaini ni cha aina ya pili, uwezekano mkubwa ni kwamba jina lako limeshakatwa au litakatwa. Hata hivyo usikae nalo kimya. Mwambie wakili anayeshika kesi yako ya hifadhi: ulisaini nini, wapi, siku gani, na uliambiwa nini. Ajue kutoka kwako mapema, asije akashtukizwa siku ya mahojiano. Na kuanzia leo, ukiombwa saini barabarani, uliza: "Hii ni ya wapiga kura walioandikishwa tu?" Wakikujibu ndiyo, washukuru uondoke.

Mume wako ana sababu ya kuogopa, na sipendi kuona wanaharakati wakiwacheka watu wenye hofu kama yake. Ila amechanganya kupiga kura na kusema. Kupiga kura katika uchaguzi wa jimbo au wa taifa ni kwa raia. Asiye raia akipiga kura, au akijiandikisha kupiga kura, anaweza kufukuzwa nchini hata kama alidhani anaruhusiwa. Uwe makini hasa kwenye ofisi ya leseni za udereva, kwa sababu Maine siku hizi huandikisha wapiga kura papo hapo mtu anaposhughulikia leseni. Ukiona swali la uraia kwenye karatasi au kwenye skrini, lisome mara mbili, na ukishindwa kulielewa usiguse chochote mpaka upate mkalimani. Usijaze kwa kukisia, na usimwachie karani akujazie. Jambo jingine ni pesa. Asiye raia wala mwenye kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu) haruhusiwi kumchangia mgombea yeyote, hata dola tano za chai, na hata akiwa mgombea wa udiwani.

Kusema, kuandika, kumpigia simu mbunge, kukaa kwenye chumba cha kamati na kueleza yaliyokupata ni habari nyingine. Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali tangu 1945, katika kesi ya Bridges, kwamba uhuru wa kusema unamhusu pia mgeni anayeishi nchini humu. Hiyo ndiyo sheria. Lakini nitakuwa nakudanganya nikiishia hapo. Mwaka 2025 serikali ya shirikisho, yaani ya Washington, iliwakamata baadhi ya wanafunzi wasio raia kwa sababu ya harakati zao, akiwemo mtu mwenye kadi ya kijani, na mabishano yakahamia mahakamani. Kwa hiyo haki ipo, na hatari ipo pia. Mtu mwenye kesi ya hifadhi isiyokwisha ana cha kupoteza zaidi kuliko jirani yake mzaliwa wa Lewiston, na hakuna anayepaswa kumlazimisha asimame mbele ya kamera ili kundi lionekane shujaa.

Ndiyo maana katika kundi lenu la kina mama arobaini, kazi ya kwanza ni kukaa na kugawana majukumu kulingana na karatasi za kila mmoja. Waliokwisha pata uraia, na watoto wenu waliofikisha miaka 18 ambao ni raia, hao ndio wapige simu kwa majina yao, wasimame kwenye vikao na wasaini fomu rasmi. Wenye kadi ya kijani na waliokwisha pata hifadhi waamue wenyewe baada ya kuzungumza na wakili. Ninyi ambao kesi bado, kazi yenu inaweza kufanyika nyuma ya pazia: kukusanya visa, kuandika tarehe, kupika chakula cha safari, kulea watoto wa wenzenu siku ya kikao. Na jambo ambalo wengi hawalijui: ukituma maoni yako kwa maandishi kwenye kamati ya Bunge la Maine, yanawekwa mtandaoni pamoja na jina lako, na mtu yeyote duniani anaweza kuyasoma. Usiyetaka hivyo, mpe kisa chako mwenzako aliye raia akieleze bila kukutaja. Wabunge wamezoea kusikia "mama mmoja jirani yangu".

Sasa hili la Washington. Ni kweli kwamba kesi yako ya hifadhi, kibali chako cha kazi na mpaka ni mambo ya serikali ya shirikisho, na Augusta haiwezi kukupa hata siku moja ya ukaaji. Lakini hebu hesabu mambo yanayokugusa kwa wiki nzima: mkataba wa nyumba, leseni ya udereva, shule ya watoto, namna askari wa mji anavyokusimamisha barabarani, msaada wa dharura wa kodi unaotolewa na ofisi ya mji. Karibu yote hayo yanaongozwa na sheria za jimbo. Serikali ya shirikisho huweka sakafu, na jimbo linaruhusiwa kuinua ulinzi juu yake. Tena Mahakama Kuu ilisema mwaka 1997, katika kesi ya Printz, kwamba Washington haiwezi kuwaamuru maofisa wa jimbo au wa mji wawe watekelezaji wa mipango yake. Mlango huo ndio uliowawezesha watu wa Maine kupeleka mswada wenye namba LD 1971, wa kuweka mipaka katika ushirikiano wa polisi wa jimbo na wa miji na maofisa wa uhamiaji. Aliyeupeleka ni Mwakilishi Deqa Dhalac wa South Portland, mzaliwa wa Somalia. Ulipita katika mabaraza yote mawili ya Bunge Juni 2025, Gavana Janet Mills akaushikilia miezi kadhaa bila kuusaini, na Desemba akatangaza kwamba atauacha uwe sheria. Mama mhamiaji aliandika, jimbo likafuata.

Kuhusu nyumba, nina jambo ambalo huenda likakushangaza: sehemu kubwa ya sheria mnayotaka kuidai ipo tayari. Sheria ya Haki za Binadamu ya Maine, ambayo chanzo chake ni mwaka 1971, inakataza mwenye nyumba kumbagua mpangaji kwa rangi, dini, asili ya taifa, ulemavu, kuwa na watoto, na hata kwa kuwa anapokea msaada wa serikali. Haiulizi kama wewe ni raia. Simu yako na ya mwanao, zilizopishana dakika kumi kwa nyumba ileile na kupata majibu mawili tofauti, ni ushahidi wa aina ambayo wachunguzi wa ubaguzi wa nyumba huutafuta kwa makusudi: wanapiga simu mbili hivyohivyo na kulinganisha majibu. Ninyi mmeufanya bila kujua. Malalamiko hupelekwa kwenye Tume ya Haki za Binadamu ya Maine, hayana ada, na muda wake ni siku 300 tangu tukio. Siku ya 301 mlango umefungwa.

Sheria hiyo ina matundu pia. Mwenye nyumba anayeishi upande mmoja wa nyumba ya familia mbili na kupangisha ule wa pili amepewa msamaha. Na kwenye vocha, Mahakama Kuu ya Maine iliamua mwaka 2014 kwamba mwenye nyumba aliyekataa kuyaingiza masharti ya vocha ya shirikisho kwenye mkataba wake hakuwa amevunja sheria, maana alichokikataa ni yale masharti, wala hakumkataa mtu kwa kuwa anapokea msaada. Ndiyo kusema, haki imeandikwa, lakini mwenye kujua njia anapita pembeni. Kwa hiyo kabla ya kwenda Augusta kusema "tunataka sheria ya nyumba", kaeni na wakili wa wapangaji mumuulize kifungu hicho kinasomekaje leo na ni maneno gani yabadilishwe. Mbunge akiambiwa "tusaidieni" huitikia kwa kichwa na kukusahau. Ukimwambia "hapa pana maneno haya, tunaomba yawe haya", anachukua kalamu.

Yale majina mia mbili ya WhatsApp, nisamehe, lakini msimpelekee gavana kwanza. Gavana ni mtu wa mwisho katika safari ya mswada. Anzeni na mwakilishi wenu. Baraza la Wawakilishi la Maine lina viti 151 na jimbo zima lina watu wapatao milioni moja na laki nne, hivyo mwakilishi mmoja ana watu kama 9,000 tu. Wengi wao ni watu wa kawaida wenye kazi nyingine, na kipindi chao ni miaka miwili. Katika eneo dogo namna hiyo, watu kumi na wawili wenye anwani za eneo lake wakimpigia wiki moja juu ya jambo moja, hilo ni tukio. Majina mia mbili yasiyo na anwani, yaliyotoka Lewiston, Auburn, Portland na mengine Texas kwa mashemeji, hajui ayafanye nini. Chukueni orodha yenu, mwandike kila mtu anaishi mtaa gani, muigawe kwa maeneo ya uwakilishi. Kumi na wawili walio eneo moja, ambao wako tayari kutaja majina, ni mali kubwa kuliko wale mia mbili.

Halafu kuna kalenda, na hapa ndipo nimeona makundi mengi mazuri yakikwama. Bunge jipya huapishwa Desemba ya mwaka wa uchaguzi. Kikao kirefu ni cha mwaka witiri, kama 2025 na 2027, kinafika Juni. Cha mwaka shufwa ni kifupi, kinaisha Aprili, na hapo miswada mipya inaruhusiwa kwa masharti magumu. Hata katika kikao kirefu wabunge wana tarehe ya mwisho ya kuwasilisha mapendekezo yao, mwanzoni kabisa mwa kikao. Ukija mwezi wa tatu na wazo jipya, hata mbunge anayekupenda atakwambia umechelewa. Mazungumzo hufanyika majira ya kiangazi na ya kupukutika majani, kabla ya baridi.

Mswada ukishachapwa na kupewa namba yenye herufi LD, unapelekwa kwenye kamati ya pamoja ya mabaraza mawili, kwa kawaida wajumbe 13. Yanayohusu haki za kiraia mara nyingi huenda kwenye kamati ya masuala ya mahakama. Na sifa moja ya Maine inayonifanya nilipende Bunge hili ni kwamba mswada uliopelekwa kwenye kamati kwa kawaida hupewa kikao cha hadhara. Katika majimbo mengi mwenyekiti anaweza kuufungia mswada kwenye droo mpaka ufe bila mtu kusema lolote. Hapa unakwenda, unajiandikisha mlangoni au unaingia kwa Zoom, unasubiri zamu, unapewa kama dakika tatu. Unaanza kwa kumtaja seneta mwenyekiti, kisha mwakilishi mwenyekiti, kisha "waheshimiwa wajumbe wa kamati", unataja jina, mji, na kama unaunga mkono au unapinga. Kuhusu ukalimani, iandikieni ofisi ya kamati siku kadhaa kabla, muombe pia muda uzingatie kwamba kila sentensi inasemwa mara mbili. Na nendeni na mkalimani wenu mnayemwamini hata mkiahidiwa mwingine.

Dakika tatu ni fupi kuliko unavyodhani. Niliwahi kukaa na mama mmoja wa Kirundi usiku kabla ya kikao. Alikuwa na kurasa nne, tangu kambini Tanzania mpaka Maine, kila mstari una uchungu wake. Tulipunguza hadi ikabaki siku moja: alikwenda kuiona nyumba na watoto watatu wakati wa theluji, mwenye nyumba akamtazama kupitia kioo cha mlango, hakufungua. Alipomaliza kueleza hilo, mjumbe mmoja aliyekuwa anaperuzi karatasi aliziweka chini na kumuuliza swali. Swali ndilo unalolitafuta, kwa sababu likishaulizwa lile jambo ni la mjumbe, atalibeba hadi kwenye kikao cha kazi. Hicho ni kikao cha pili, wajumbe wanapojadiliana wao kwa wao na kupiga kura ya kupendekeza au kukataa. Wengi hawaendi kwa sababu wananchi kwa kawaida hawazungumzi. Nendeni. Kaeni mbele, mkimya, mkionekana.

Mswada ukishapita kamati na mabaraza, kuna mtego mwingine ambao hauna kelele. Mswada wowote unaohitaji fedha, hata ukishashinda kura zote, unawekwa kwenye meza ya matumizi kusubiri bajeti, na mingi hufia hapo siku za mwisho bila mtu kuupinga hadharani. Tangu mwanzo muulizeni mbunge wenu: huu una gharama? Kubadili maneno ya ubaguzi wa vocha kunaweza kuwa na gharama ndogo. Kuajiri wachunguzi wapya wa Tume ni fedha halisi. Wakati mwingine ni busara kutenganisha mambo hayo mawili.

Halafu ndipo gavana. Ana siku kumi bila Jumapili za kusaini au kuupinga kwa kura ya turufu, na turufu hiyo hushindwa kwa theluthi mbili za kila baraza. Siku hizo kumi zina historia inayowahusu watu wenye hali kama yako. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha LD 369, ulioruhusu waomba hifadhi kupata msaada wa dharura wa mji kwa muda usiozidi miezi 24. Gavana Paul LePage alitaka kuupinga pamoja na miswada mingine mingi, akachelewesha turufu zake akiamini Bunge limeshaahirishwa na kwamba saa imesimama. Agosti mwaka huo majaji wa Mahakama Kuu ya Maine walitoa maoni kwamba saa haikusimama. Miswada 65 ikawa sheria, na LD 369 ukiwemo. Kuna familia zilizolipiwa kodi ya baridi ile kwa sababu ya kuhesabu siku.

Na ikitokea Bunge likapitisha jambo linalowaumiza? Wapiga kura wa Maine wana uwezo wa kuisimamisha sheria mpya, wakikusanya saini zinazofikia asilimia 10 ya kura zilizopigwa katika uchaguzi wa gavana uliotangulia, ndani ya siku 90 baada ya Bunge kuahirishwa. Mwaka 2011 Bunge lilifuta haki ya kujiandikisha siku ileile ya kupiga kura, iliyokuwepo tangu 1973. Watu walikusanya saini kiangazi hicho, na Novemba kama asilimia 60 ya wapiga kura wakairudisha. Katika kazi hiyo watoto wenu raia ndio wenye mikono. Ninyi msishike ile fomu.

Kanisa lenu pia lijue mpaka wake. Linaweza kuzungumzia mswada, kuwakaribisha wabunge, kukodi basi la kwenda Augusta, mradi hiyo isigeuke kuwa sehemu kubwa ya shughuli zake. Kumuunga mkono au kumpinga mgombea kwa jina la kanisa ni hatari kwa usajili wake wa kutolipa kodi. Mwaka wa uchaguzi mchungaji aikumbuke tofauti hiyo kila anaposhika kipaza sauti.

Maandishi yangu haya hayawezi kuchukua nafasi ya mtu atakayekaa na faili lako mezani. Kwa ile saini, na kwa uamuzi wa kusimama au kutosimama hadharani, mwone wakili wa uhamiaji. Kama huna, shirika la Immigrant Legal Advocacy Project linahudumia wahamiaji jimbo zima. Kwa ubaguzi wa nyumba, Pine Tree Legal Assistance hutoa msaada wa kisheria bila malipo kwa wenye kipato kidogo. Kwa safari ya Bunge, watafuteni Maine Immigrants' Rights Coalition, ambao wanajua miswada ipi iko njiani na nani tayari ameahidi kuipeleka. Huenda kuna kundi la Wakongo wa Portland linalolia kilio hichohicho mkaungana nalo. Ukipata barua ya mahakama ya uhamiaji, au mtu mwenye kitambulisho cha serikali akibisha mlangoni kuuliza kuhusu harakati zenu, achana na mambo ya mswada kwanza, mpigie wakili siku hiyohiyo.

Mume wako umwoneshe jibu hili, na mwende wote kwa wakili. Na zile simu mbili, ya kwako na ya mwanao: fungua kumbukumbu za simu zenu leo kabla hamjalala, mnakili tarehe, saa, namba iliyopigwa, anwani ya nyumba na maneno mliyojibiwa. Zile siku 300 zilianza kuhesabiwa siku hiyo.